Upepo wa Njiani: Bomba Gani Tuchukue kwenye Baskeli?

Mazungumzo ya Afisa Mawasiliano wa Baraza kwa wakaazi wa Mbweni



Mchuuzi anayetoka hapa Mbweni alfajiri, tenga la samaki nyuma ya kiti, hana muda wa kukokota baskeli mpaka Kiembe Samaki kumtafuta fundi. Jua likipanda, bidhaa imeharibika. Mwanafunzi naye akipita barabara ya Uwanja wa Ndege kwa tairi lililolegea, baskeli humyumba kwenye kona, na daladala ziko ubavuni mwake.

Kabla ya kununua bomba, tazameni valvu. Baskeli nyingi za kizamani zina valvu ya nati, yenye kipira chembamba ndani kinachozuia upepo. Nyengine zina valvu nene kama ya gari, na za mbio zina nyembamba ndefu. Mpira wa upepo wa sheli huingia kwenye ile nene tu; mwenye valvu ya nati atafika sheli na kurudi vilevile, asipokuwa na kiunganishi. Kwa hiyo nendeni dukani na baskeli yenyewe.

Siku hizi vimeingia vichupa vya gesi ya kaboni. Kichupa cha gramu 16 hujaza tairi moja kwa sekunde chache, na hilo linavutia. Lakini kikishatumika kimekwisha, na gesi hiyo hupenya mpira upesi kuliko hewa ya kawaida. Kesho yake tairi limelegea tena. Bomba dogo la umeme linalochajiwa ni jepesi na halichoshi, ila siku ulipolisahau bila chaji ni mzigo tu mfukoni.

Kwa maoni yangu, anayetegemea baskeli kwa riziki achukue bomba la mkono refu, lile la kubana kwenye fremu, lenye mpira wake wa kuunganishia. Bomba fupi la mfukoni linafaa pia, lakini huenda likadai mikono ipigwe mara mia mbili au zaidi, na ukilishindilia moja kwa moja kwenye valvu bila mpira wa kati, shingo ya valvu huweza kukatika. Hapo hata fundi atakuuzia mpira mpya.

Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Baskeli ya kawaida ya mjini mara nyingi hutaka baina ya paundi 40 na 60, na mwenye mzigo ajaze kuelekea kiwango cha juu kilichoandikwa. Upepo ukipungua sana, jiwe hubana mpira wa ndani kwenye ringi na kuutoboa matundu mawili kwa mara moja.

Bomba halizibi tundu, basi msiache viraka, solushani na kipande cha msasa. Na lijaribuni nyumbani, kwenye tairi lenu wenyewe, kabla ya kulifunga kwenye fremu.

Sasa nayakaribisha maswali.