Picha Bila Maneno Haihifadhi Mji

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya alasiri, mwezi wa Ramadhan)



Ndugu zangu vijana, leo tuzungumze juu ya kamera. Karibu kila mmoja wenu anayo, iko ndani ya simu. Mwapiga picha za futari, za majahazi, na za nyinyi wenyewe. Si vibaya. Lakini hebu jiulize: nyumba ya bibi yako umewahi kuipiga picha?

Mji wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Wako wanaodhani orodha ni kinga. Sivyo. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Maji ya mvua yakipenya, boriti huoza, dari ikashuka, na ukuta ukafuata. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko katika orodha hiyo tangu 2000, na bado sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafariki. Jengo likishaanguka, fundi huuliza: lilikuwaje? Hapo ndipo picha na michoro huwa na thamani.

Kazi hii imeshafanywa na watu kabla yetu. Msanifu majengo Usam Ghaidan alichapisha kitabu chake juu ya mji wa Lamu mwaka 1975. Yeye hakutosheka na milango ya nakshi. Aliichora nyumba jinsi ilivyopangwa, kutoka daka hadi kiwanda, hadi misana, hadi ndani. Ndiyo maana kitabu chake bado chatumika.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nakshi zetu bora za chokaa haziko barazani. Ziko ndani, kwenye ukuta wa zidaka, pahali pa faragha pa nyumba. Mgeni mwenye kamera kubwa huishia mlangoni, na ndivyo inavyopasa. Ndiyo sababu picha nyingi za Lamu ni za milango, vichochoro na punda. Ukuta wa zidaka ukibomoka bila picha, hakuna mgeni wa kulaumiwa. Anayeweza kuupiga picha bila kuvunja stara ni mtoto wa nyumba ile, yaani wewe.

Lakini kwa adabu. Suratun Nur yatufundisha kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu, na kamera ni jicho linaloingia. Muombe mwenye nyumba. Usimpige mtu picha bila ridhaa yake. Akisema picha zibaki nyumbani, zibaki nyumbani, usizitupe mitandaoni. Picha iliyowekwa kabatini pia ni hifadhi.

Namna ya kupiga ni nyepesi. Simama mbele ya ukuta, uupige mzima kwanza, kisha sogea kwenye nakshi. Weka rula kando ili ukubwa ujulikane. Tumia mwanga wa mchana unaotoka kiwandani. Ule unaopita ubavuni huzitoa nakshi wazi kuliko taa ya simu.

Halafu andika. Picha isiyo na maneno, baada ya miaka 30 haitamwambia mtu kitu. Andika mtaa, nyumba ya nani, tarehe, jina la kila chumba, na fundi aliyeitengeneza kama anajulikana. Maneno kama tekani na wikio wazee wanayo, lakini wangapi kati yetu tunayajua? Fanya nakala mbili, uziweke pahali mbalimbali. Mwenyewe akiridhia, moja ipelekwe Makumbusho ya Lamu. Na wenzetu wa Pate, Siyu na Shela, kazi hii ni yenu pia.

Basi mwezi huu, kati ya alasiri na magharibi, kila mmoja akae na mzee mmoja, nyumba moja. Anza na ya kwenu. Usingoje mvua za masika.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.