Tuujue Upupu Kabla Haujatuwasha

(Mazungumzo yaliyotolewa Amani, Unguja)

Mwasho wa upupu sote tunaujua. Je, mmea wenyewe tunaujua?

Upupu ni mmea unaotambaa na kupanda miti. Ni jamaa ya kunde. Kila jani lina vijani vitatu, na maua yake ya zambarau huning'inia kwa vichala. Baada ya maua huja maganda yaliyopinda kama herufi S. Maganda hayo yamefunikwa na vinyweleo vya rangi ya hudhurungi.

Hapo ndipo penye mwasho. Kila kinyweleo ni kama mwiba mdogo sana. Ndani yake mna kitu kiitwacho mukunaini. Kinyweleo kikichoma ngozi, mukunaini huingia, nasi tunawashwa.

Huko Kenya, kwenye milima yenye baridi, uko mmea mwingine uwashao. Wakikuyu huuita thabai. Ule huwasha kwa majani na shina. Majani yake yakipikwa mwasho huisha, na watu huyala kama mboga. Upupu wetu si wa kujaribu hivyo. Mbegu zake zina levodopa, dawa ambayo madaktari huwapa wagonjwa wa kutetemeka. Mtu akizila ovyo zitamdhuru.

Basi tufanyeje? Ganda likikauka, vinyweleo hung'oka upesi na upepo huvichukua. Hata aliyepita njia tu, au anayeokota kuni, huwashwa. Kwa hiyo tuung'oe upupu ungali mchanga, kabla ya maua. Tukingoja maganda yakauke, tutawashwa sisi, na mbegu zitaanguka ziote tena.

Na ukishatupata? Tusijikune. Kujikuna huzidi kuvisukuma vinyweleo ndani na kuvieneza. Tuvue nguo taratibu, zifuliwe peke yake. Tubandike plasta inayonata penye mwasho, tuibandue, turudie na nyingine mpya. Kisha tuoge kwa maji na sabuni. Ukiingia machoni tusiyapekeche. Tuyaoshe kwa maji safi mengi, twende hospitali mara moja.

Tuwaambie na watoto wetu: kumrushia mwenzako upupu si mchezo. Jicho likidhurika halina badala.

Ndugu zangu, tukirudi makondeni tutazame mipakani na vichakani. Tukiuona, tuung'oe siku ile ile.