Ufa Haufichwi kwa Rangi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wenye biashara, katika mkutano wa tawi, Kariakoo.)



Leo tumekuja kusema juu ya majengo ambamo twafanyia biashara. Huenda wengine mtauliza: Chama kina nini na nguzo na kuta? Twajibu kwamba Chama ni watu, na watu hao ndio washindao ndani ya majengo hayo tangu asubuhi hadi magharibi.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne lilianguka hapa hapa Kariakoo, wenye maduka na wateja wao wakiwamo ndani. Zaidi ya watu 20 walikufa. Waliokuwapo walisimulia kwamba chini yake ilifanywa kazi ya kuchimba, ili nafasi ya biashara iongezwe. Kabla ya hapo, Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya mji wetu liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Hatukuja kuwatonesha vidonda. Twauliza tu: nani alipaswa kutazama, na nani alipaswa kusema?

Wengi hudhani kukagua ni kazi ya Serikali peke yake. Lakini mwenye jengo, mnunuzi na mpangaji, kila mmoja ana zamu yake.

Mwenye jengo hana budi kutunza ramani na vibali vyake, na kumwita mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla ya kuongeza ghorofa, kuondoa ukuta au kuchimba. Kila jengo lilipigiwa hesabu ya mzigo wake. Tangi la maji la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Mifuko 100 ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, nayo ni tani 5. Jengo lililopigiwa hesabu ya ofisi haligeuki ghala kwa sababu tu kodi ya ghala ni nono.

Mnunuzi naye asinunue rangi. Aende siku ya mvua, apande juu ya paa, ashuke chini kabisa. Atazame mahali zege lilipobanduka na nondo kuonekana, maana nondo ikishika kutu huvimba na kupasua zege. Mhandisi aweza kupima zege kwa nyundo maalumu, au kukata kipande na kukipeleka maabara. Ujira wake ni mdogo kuliko hasara ya kununua kifusi.

Mpangaji ndiye mwenye macho ya kila siku. Mlango uliofunga vizuri jana, leo wakwama. Sakafu imebonyea. Ufa umeanza pembeni mwa dirisha ukashuka mshazari. Basi chukua kalamu ya risasi, utie alama kwenye ncha ya ufa huo, na uandike tarehe. Ukiona umevuka alama, jua jengo lingali linatembea. Ufa mwembamba wa lipu waweza kuwa si kitu. Lakini ufa unaokua, au ulio kwenye nguzo au boriti, ni wa kuitiwa mhandisi siku hiyo hiyo, na watu wakae nje mpaka atakapowaruhusu. Wahenga walituonya tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Hawakusema tuupake rangi.

Twajua kinachowanyamazisha. Mpangaji mmoja akiuliza huambiwa: "Kama hutaki, wapo kumi wanaoingoja fremu hii." Naye amekwisha kutoa kilemba, ana watoto shuleni, hunyamaza.

Hebu tutazame Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, na mhandisi akaonya kwamba si salama. Benki iliyokuwamo iliwaondoa watumishi wake. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliamriwa warudi kazini kesho yake, wengine wakitishwa kukatwa mshahara. Wakarudi. Jengo likaanguka, likaua watu zaidi ya 1,100. Habari ya ufa waliisikia wote. Aliyekuwa na nguvu ya kukataa alipona.

Ndugu zetu, nguvu hiyo sisi tutaipata wapi? Tutaipata kwa kusimama pamoja. Twapendekeza kila jengo liwe na kamati ya wapangaji na daftari moja la nyufa na tarehe zake. Barua kwa mwenye jengo itiwe sahihi na wote, nakala ipelekwe serikali ya mtaa na halmashauri, na nyingine mbaki nayo. Mhandisi akisema tokeni, mtoke wote. Mmoja hufukuzwa, arobaini husikilizwa.

Na ninyi wanachama wenzetu wenye majengo, msituone maadui. Mpangaji anayewaambia habari ya ufa anawaokolea mali na jina. Kadi ya Chama haishiki boriti.

Tulitaka uhuru ili tuwe wenyewe wa nchi yetu. Mwenyewe hukagua kilicho chake. Kesho mkifungua maduka, kabla ya kupanga bidhaa, inueni macho mtazame dari.

Umoja ni nguvu.