Maji ya Rejeta na Namna ya Kuyabadili Nyumbani

Leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wenye motokaa wengi hulisahau, nalo ni maji yaliyomo ndani ya rejeta. Mtu hununua petroli kwa fedha nyingi, hutazama upepo wa magurudumu, na huosha gari lake mpaka ling'ae; lakini rejeta huikumbuka siku ile gari linapochemsha katikati ya mlima, na abiria wameshuka wanasimama juani.

Kwanza yafaa tujue kazi ya maji hayo. Petroli iwakapo ndani ya silinda, moto wake hupita digrii 2,000, nalo ni joto liwezalo kuyeyusha chuma. Karibu theluthi moja ya joto hilo hupita katika kuta za injini, na lisipoondolewa injini itaharibika kwa muda mfupi. Basi pampu huyasukuma maji yazunguke ndani ya injini na kulichukua joto, kisha yapite katika vijibomba vyembamba vya rejeta, ambamo upepo huyapoza, nayo hurudi tena kazini. Katikati ya njia yao pana mlango mdogo ambao mafundi huuita thamostati. Injini ikiwa baridi, mlango huo hufungwa. Maji yakifika digrii 80 au 90 hivi, hufunguka wenyewe.

Wako wanaosema, “Dawa ya rejeta ni kwa watu wa Ulaya, ambao maji yao huganda kwa baridi. Sisi hatuna barafu, maji ya kisima yatutosha.” Neno hili ni kweli nusu. Ni kweli kwamba dawa hiyo, ambayo madukani huitwa kulanti, huzuia maji yasigande. Lakini ina kazi nyingine mbili ambazo twazihitaji sana. Ya kwanza ni kuchelewesha maji yasichemke. Pwani maji matupu huchemka kwenye digrii 100. Lakini Nairobi, palipoinuka mita 1,700 hivi juu ya bahari, huchemka kwenye digrii 94 hivi. Kulanti nusu na maji nusu hayachemki, hapo pwani, mpaka yafike digrii 107 hivi, na mfuniko wa rejeta, kwa kuubana mvuke, huongeza digrii nyingine zaidi ya 20. Apandaye mlima Kitonga na mzigo mzito anazihitaji sana digrii hizo.

Kazi ya pili ni kuzuia kutu. Maji matupu hula chuma na aluminiamu. Na maji ya visima vingi vya pwani, vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe, yana chokaa na chumvi. Chokaa hiyo hushika ndani ya vijibomba kama ile tuionayo ndani ya birika, na rejeta huziba kidogo kidogo. Tena kulanti yenyewe huchoka. Zile za aina ya zamani hudumu miaka 2 hivi, na nyingi za aina mpya miaka 5 hivi. Hata hivyo kitabu cha gari lenyewe ndicho cha kufuatwa. Wala tusichague kwa rangi tu, iwe kijani, nyekundu au buluu, kwa maana watengenezaji hawakupatana juu ya rangi. Tusome maandishi ya dumu, wala tusichanganye aina mbili, maana huenda zikaharibiana nguvu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Vyombo vyake si vingi: karai pana, madumu matupu yenye vifuniko, faneli, koleo au bisibisi ya kulegezea klipu, matambara, kulanti mpya, na maji yaliyokenekwa, yaani yale safi yauzwayo vituo vya petroli kwa kuongezea betri. Tuangalie tusipewe asidi ya betri.

Sharti la kwanza ni kwamba injini iwe baridi kabisa. Bora gari lilale usiku kucha, na kazi ifanywe asubuhi. Mfuniko wa rejeta ukifunguliwa wakati wa moto, maji yaliyobanwa huchemka ghafula na kuruka juu pamoja na mvuke, nayo humbabua mtu uso na mikono. Akiungua mtu, eneo lililoungua limwagiwe maji safi ya baridi yatiririkayo kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Gari nalo liwe mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Ufunguo utolewe na waya hasi wa betri ufunguliwe, kwa sababu feni za umeme huweza kuanza kuzunguka ingawa injini imezimwa. Wala mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Tuweke karai chini ya rejeta, tufungue kizibo cha chini. Kama hakuna kizibo, tulegeze klipu ya mpira wa chini na kuuchomoa. Kisha tufungue mfuniko wa juu, maji yapate kushuka kwa wepesi. Tuyapime tupate kujua ni lita ngapi yaliyotoka, tena tuyatazame vizuri. Yakiwa ya kahawia, kutu imeingia. Yakiwa na mafuta juu yake, au yakifanana na maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi imeharibika; hapo tusitupe fedha kwa kulanti mpya kabla fundi hajaitazama injini.

Baada ya hayo twasafisha. Tufunge kizibo, tujaze maji safi, turudishe waya wa betri, tufungulie hita ya gari upande wa joto, tuwashe injini mpaka mpira wa juu uwe moto. Ndiyo alama ya kwamba thamostati imefunguka na maji yanazunguka kote. Tuzime, tungoje injini ipoe tena kabisa, tuufungue tena waya wa betri, kisha tuyamwage yale maji katika karai. Turudie mpaka yatoke meupe. Kungoja huku kwachosha, lakini kumimina maji baridi katika injini yenye moto huweza kuipasua. Na mara ya mwisho tutumie maji yaliyokenekwa, ili chokaa isibaki ndani.

Katika kujaza pana hesabu, na vijana wa shule watupe masikio. Maji hayatoki yote; mengine hubaki ndani ya injini. Tukimimina mchanganyiko wa nusu kwa nusu juu ya maji hayo, dawa itakuwa hafifu kuliko tulivyotaka. Kwa hiyo tutazame kitabu cha gari kijazo chake kizima. Tuseme ni lita 6. Tumimine kwanza lita 3 za kulanti isiyochanganywa, kisha tujaze mahali palipobaki kwa maji yaliyokenekwa. Hivyo nusu itakuwa dawa na nusu maji, pamoja na yale yaliyojificha. Wala tusidhani kwamba kulanti tupu ni bora zaidi, maana peke yake haichukui joto vizuri kama ikichanganywa na maji.

Tumimine polepole ili hewa ipate kutoka. Magari mengine yana skrubu ndogo ya kutolea hewa. Kitabu kitatuonyesha ilipo na namna ya kuitumia. Tuurudishe waya wa betri, tuwashe injini, tuongeze kadiri kimo kinavyoshuka, na mapovu yakikoma tufunge mfuniko vizuri. Kesho yake asubuhi, gari likiwa baridi, tutazame kidumu cha akiba: kimo kiwe kati ya alama mbili. Tutazame chini pia kama pana matone.

Yabaki maji ya zamani, na hapa ndipo penye hatari kuu kuliko zote. Kulanti nyingi hutengenezwa kwa ethilini glikoli, ambayo iliundwa mara ya kwanza na mkemia Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz mwaka 1856. Kitu hiki ni kitamu kama sharubati, nacho ni sumu. Mafunda machache yatosha kumwua mtoto; mbwa na paka nao huyalamba wakafa. Ndani ya mwili ini huigeuza kuwa asidi, na vijiwe vyembamba huziba figo. Aliyekunywa huonekana kwanza kama mlevi, kisha huweza kuonekana ana nafuu, na watu wakadanganyika, kumbe sumu yaendelea na kazi yake. Basi mtoto akionja, tusingoje alama yo yote, wala tusimtapishe. Tumkimbize hospitali pamoja na dumu lenyewe. Iko dawa ya kuizuia sumu hiyo, lakini yataka kutolewa mapema.

Kwa sababu hiyo maji ya zamani, pamoja na yale ya kusafishia, yasimwagwe uani, wala mferejini, wala karibu na kisima. Karai lisiachwe wazi hata kwa dakika chache tunapokwenda kunywa chai. Yote yatiwe katika madumu, yafungwe, yaandikwe SUMU kwa herufi kubwa, yawekwe mbali na watoto, kisha yapelekwe gereji inayokusanya taka za namna hiyo. Katu tusiyatie katika chupa ya soda, maana mtoto huijua chupa kuliko maandishi. Na yaliyodondoka chini yafunikwe kwa mchanga au vumbi la mbao, yazolewe, yatiwe katika chombo chenye kifuniko na kupelekwa pamoja na mengine.

Wasikilizaji wetu, wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Gharama ya dumu la kulanti na asubuhi moja ya saburi ni ndogo mbele ya gharama ya injini mpya. Lakini kazi haijaisha gari linapowaka na kwenda vyema. Huisha pale dumu la mwisho linapofungwa, na uwanja wa nyumba ukawa salama kwa watoto kucheza.