Kinachozima Ndicho Kinachoharakisha: Potasiamu katika Uogeleaji wa Vifaranga vya Samaki



Samaki pundamilia, Danio rerio, ni samaki mdogo wa vijito na mashamba ya mpunga ya Asia ya Kusini. Saa 17 baada ya yai kurutubishwa, kiinitete huanza kujikunja chenyewe; kufikia saa 27, kikiguswa, huogelea. Siku ya tano kifaranga ana urefu wa milimita 4 hivi, anawinda chakula, na mkia wake hupiga kuanzia mara 20 hadi zaidi ya 60 kwa sekunde. Mwili wake unapenyeza nuru, kwa hiyo chini ya hadubini unauona ugwe wa mgongo ukiwa hai, seli kwa seli.

Tuchukue mapigo 50 kwa sekunde. Kila mzunguko una milisekunde 20, na ndani yake kushoto kukaze na kuachia, kisha kulia kukaze na kuachia. Seli ya neva inayoamrisha misuli ya upande mmoja ina milisekunde 10 tu za zamu yake. Ukiwauliza wanafunzi kasi hiyo inatoka wapi, wengi watataja sodiamu, kwa kuwa ndiyo inayoiwasha seli. Mimi leo nasimama upande wa potasiamu.

Ndani ya seli ya neva potasiamu ni nyingi kuliko nje, karibu mara 30. Seli ikitulia, volti yake huwa kama milivolti 70 chini ya sifuri. Sodiamu ikiingia, volti hupanda ghafla. Hapo chaneli za potasiamu, yaani milango yake kwenye utando wa seli, hufunguka, ioni zake hutoka nje, na volti hushuka. Hayo Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliyapima kwenye neva nene ya ngisi na kuyachapisha mwaka 1952. Lakini kuna jambo ambalo madarasani tunalipita haraka mno: chaneli za sodiamu zikishafunguka huzimika, na haziamki mpaka volti ishuke. Wanaotwanga wawili katika kinu kimoja wanalijua hilo mikononi mwao: mchi wako usipoinuka, huna pigo la pili, na mwenzako hana pa kushushia wake.

Si kila chaneli ya potasiamu inaiweza kazi hiyo ya kuishusha volti upesi. Nyingine huchelewa kufunguka, na zikichelewa pia kufunga, seli hubaki nzito. Jamii iitwayo Kv3 hungoja volti ipande sana, hufunguka upesi, na volti ikishuka hufunga papo hapo. Katika kifaranga wa samaki pundamilia, mojawapo ya jamii hiyo, Kv3.3, imo kwenye seli za mwendo zinazofyatua mapigo ya umeme kwa kasi, zile zinazomwokoa anapokurupuka.

Kuzipima seli hizo, watafiti humpa kifaranga dawa inayokata mawasiliano ya neva na misuli. Mkia hautikisiki hata kidogo. Lakini sindano ya kioo iliyogusishwa kwenye seli inaendelea kuandika mdundo, mfululizo wa vilele kisha kimya, mfululizo kisha kimya. Samaki amelala, ugwe wake unaogelea.

Ipo pia mikondo ya potasiamu ya polepole, na yenyewe huamua uogeleaji unaisha lini. Ushahidi mzuri umetoka kwa viluwiluwi wa chura Xenopus, ambao huogelea kwa utaratibu wa karibu sana na huu. Nicholas Dale na wenzake walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mkondo mmoja wa potasiamu wa polepole husaidia kusimamisha uogeleaji, na kwamba kemikali iitwayo ATP inayotolewa ndani ya ugwe hupunguza mikondo ya potasiamu mpaka ivunjwe kuwa adenosini. Kutenganisha chaneli hizi kunahitaji sumu teule, na mojawapo, dendrotoksini, hutoka kwa Dendroaspis angusticeps, nyoka wa kijani wa miembe na minazi ya pwani yetu.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote lilichapishwa mwaka 2011. Kuna ugonjwa wa kurithi, ataksia ya aina ya 13, ambao humfanya mtu apepesuke na kupoteza seli za ubongo wa nyuma. Chanzo chake ni hitilafu katika jeni ya Kv3.3. Watafiti walimpandikizia kifaranga wa samaki pundamilia chembe ya Kv3.3 ya binadamu yenye hitilafu hiyo, ikapunguza mkondo wa potasiamu. Aliyezoea kuiona potasiamu kama kizuizi tu angetarajia seli zichachamae. Zilipoa. Seli za kasi zilishindwa kufyatua mfululizo, na kifaranga aliposhtuliwa, mwili wake ulijipinda kidogo kuliko kawaida na kwa shabaha iliyopungua. Hakuna seli iliyohitaji kufa kwanza ili mwendo uharibike: upungufu wa mkondo wenyewe ulitosha.