Malkia Eleni wa Uhabeshi



Siku ya yubile twahesabu miaka ya jimbo letu. Yafaa tuwakumbuke pia Wakristo wa Afrika waliotutangulia zamani sana. Mmoja wao ni Eleni, malkia wa Uhabeshi.

Eleni alikuwa binti wa Mehmad, mtawala wa Hadiya, nchi ya Waislamu iliyomlipa kodi mfalme wa Wahabeshi. Akaolewa na Mfalme Zara Yaqob, aliyetawala tangu 1434 hata 1468, akaingia dini ya Kikristo. Ninyi mliooza binti zenu mbali mwajua ya kuwa nchi mbili zikipatana kwa ndoa, mzigo wa mapatano humwangukia mke. Mahiko, ndugu yake Eleni, alikataa kutoa kodi. Zara Yaqob akamwondoa, akaweka Bamo, ami yake, mahali pake. Basi ndoa peke yake haikuleta amani.

Lakini Eleni hakupotea katika nyumba ya ugeni. Zara Yaqob alipokufa, mwanawe Baeda Maryam, aliyekwisha kufiwa na mama yake mzazi, alimheshimu Eleni kama mama. Wafalme wakapita, yeye akabaki, akisifiwa kwa kujua sheria na mambo ya utawala.

Mwaka 1508 ufalme ulimfikia Lebna Dengel, naye bado mtoto. Eleni, sasa mzee, alikuwa mkuu katika wale waliomshikia utawala. Akaona ya kuwa nchi yake haina merikebu za vita. Akamtuma Mateus, mfanya biashara Mwarmenia, kwa Manuel, mfalme wa Ureno, kutaka merikebu, akiahidi kutoa askari na vyakula. Mateus alifika Lisbon mwaka 1514, na wajumbe wa Ureno wakafika Uhabeshi mwaka 1520. Eleni alifariki miaka michache baadaye. Hata mwaka 1541, ufalme ulipokuwa karibu kuangushwa na Imamu Ahmad, Wareno 400 walikuja kuusaidia. Njia waliyoijia aliifungua yeye.

Ndugu zangu, aliyeletwa kama mgeni ndiye aliyeitazamia nchi mbele kuliko wenyeji wengi. Twajivunia kuwaoza binti zetu kwa heshima. Tuwape na elimu kabla hawajatoka kwetu. Na wake waliotujia kutoka kwa watu wengine, tuwape nafasi ya kusema barazani.