Chuo cha Uhandisi Kipimwe kwa Kazi za Waliotoka Humo
(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imetuagiza tuseme juu ya jambo linalogusa mfuko wa Chama: vijana wetu watakao kusomea uhandisi, tuwapeleke chuo gani? Shahada hiyo hapa Kenya huchukua miaka mitano. Mzazi huuza ng'ombe, na Chama huongeza karo. Basi si haki kuchagua kwa uzuri wa majengo wala kwa sifa za matangazo.

Zamani swali hili halikuwa zito. Royal Technical College ilipofungua milango yake mjini Nairobi mwaka 1956, vyuo vya kulinganisha nchini havikuwako. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Leo vyuo ni vingi, na kila kimoja chajisifu.

Mti hujulikana kwa matunda yake. Yafaa chuo kiulizwe: waliohitimu wako wapi? Lakini jibu la kwamba wamepata kazi halitoshi. Mwenye shahada ya umeme akiajiriwa dukani, hesabu itasema ana kazi. Si aibu kwake, ila haituonyeshi ubora wa mafunzo yake. Basi tuulize mambo matatu. Je, kazi hiyo ni ya uhandisi? Alikaa muda gani kabla ya kuipata? Na je, waliohesabiwa ni wahitimu wote, au ni wale waliojibu barua tu? Maana mwenye kazi hujibu upesi, na asiye nayo hunyamaza.

Liko pia jambo la sheria. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 iliunda Bodi ya Wahandisi. Mhitimu huandikishwa kwanza kuwa mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi kwa muda usiopungua miaka mitatu kabla ya kuandikishwa kuwa mhandisi kamili. Wamekuwako vijana nchini waliomaliza masomo wakakataliwa kuandikishwa, kwa kuwa mafunzo yao hayakutambuliwa. Idhini hiyo na ionekane kabla senti moja haijatoka.

Hata hivyo, tusikihukumu chuo kwa ajira peke yake. Wazee husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; lakini soko likikosa wanunuzi, hata kizuri hutembea. Viwanda vikifungwa na barabara zisipojengwa, mhandisi hodari hukosa kazi, na kosa si la mwalimu wake. Kwa hiyo tulinganishe wahitimu wa mwaka mmoja na fani moja, wa chuo hiki na kile. Tena tutazame karakana, na kama wanafunzi hupelekwa kujizoeza kazini.

Twauomba mkutano huu ukubali kwamba, kabla ya karo kulipwa, Kamati ikiandikie chuo maswali haya, na majibu yasomwe mbele ya wazazi. Fedha za Chama ni jasho la wengi, zisitumwe gizani.